Mzinga Usiopandwa

Nilipofika Ruponda kwenye arobaini ya Shangazi Esha, nilikuta urithi wangu umeegemezwa ukutani karibu na mlango wa uani. Ulikuwa mzinga wa gogo, mkavu, wenye ufa ubavuni, umetunguliwa mtini asubuhi ile ile na bado una utando wa buibui. Bakari, mtoto wa baba yangu mdogo, ndiye aliyesimamia mambo ya marehemu, na hakupoteza muda kunionyesha. "Wako huo, dada Somoe. Marehemu alisema kwa kinywa chake: mpeni Somoe mzinga, auangalie. Sisi hatuli haki ya mtu." Nilimshukuru, nikanawa mikono, nikaketi mkekani na wanawake wenzangu kula pilau. Nina kawaida hiyo. Nikikasirika nakula kwanza, kwa sababu hasira ya njaa haina akili. Na kila aliyekuwa pale mkekani alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba shamba la Shangazi lina mzinga mwingine, ambao hakuna mti wa kuubeba.

Mzinga huo mwingine ni wa chuma. Ni mrefu kushinda kitanda cha kamba, umelala ndani ya kichuguu nyuma ya mikorosho tangu vita vya Mjerumani na Mwingereza, nusu yake imemezwa na udongo, na mdomo wake umeelekea upande wa Kiegei kana kwamba watu wa huko wamewahi kumkosea mtu. Ulitengenezwa kuua. Kiswahili chetu kimeipa nyumba ya nyuki na silaha ya vita jina moja, na aliyefanya hivyo simjui, ila neno hilo moja lilinilea mwaka mzima na sitamsema vibaya. Nilikuwa bado natafuna niliposikia sauti ya Bakari nje ya ukuta wa makuti, anaongea na simu. "Lori lije kesho asubuhi, mzee. Nyuki? Aa, nyuki tunapuliza dawa tu, dakika mbili wamelala. Ukifika Dar unapigwa rangi, unawekwa langoni hotelini, wageni wanapiga nao picha." Nikaweka tonge chini. Mzinga ule hauna mlinzi mwingine aliyebaki duniani, na mimi nilikuwa nimeshapewa gogo lenye ufa ili ninyamaze.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuitwa popote. Nikaletwa kwa Shangazi nimsaidie kazi, na nikakaa kwake tangu maua ya mikorosho hadi mikorosho ilipotoa maua tena. Nilikuwa msichana wa sauti ndogo. Nilizungumza kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyeombwa jana. Shangazi hakunionea huruma hata kidogo. "Sauti yako umemkopesha nani?" aliniuliza jioni ya kwanza, nilipomwambia shikamoo. "Kamdai. Hapa tunaishi na nyuki, hapafai mtu wa kunong'ona. Anayenong'ona nyuki humdhani anawasengenya." Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mikono mipana, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hujamaliza kusema jambo la kuchekesha, hivi kwamba ukakosa uhakika kama amelisikia.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na sebule haikuwa ya wageni, ilikuwa ya asali. Madebe yalipangwa ukutani, kitambaa cha kuchujia kilining'inia msumarini kikidondosha taratibu, na harufu ya nta iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye maji ya kunywa. Mpaka leo, na kiwanda changu kidogo cha kushona sare za shule pale Ruangwa, nikipaka nta kwenye uzi narudi sebuleni mle bila kutaka. Tulikula mkekani kati ya madebe: ugali wa muhogo na kisamvu, kunde, ming'oko, yaani mizizi ya porini, ya kuchemsha wakati wa kiangazi, na siku ya neema samaki ng'onda kutoka Lindi. Baada ya kula, Shangazi alichovya kidole kwenye bakuli la asali, akakilamba, akafumba macho. Halafu alianza kulalamika kuhusu wanaume wa kukodi.

Malalamiko yake yalikuwa ya haki. Marehemu mumewe alikuwa ametundika mizinga ya magogo kwenye miti mingi ya pori la nyuma, na kwetu mwanamke hapandi mzinga. Ni mwiko, na ukiuliza sababu utaambiwa nyuki watahama, au mimba itaharibika, au utaambiwa tu nyamaza. Hivyo Shangazi alikodi wanaume wapande, na kila mwaka walishuka na nusu ya asali na maelezo mengi. "Nyuki wavivu mwaka huu, Bi Esha." Shangazi alisema amesikia habari za nyuki wa kila namna, wakali na wapole, lakini wavivu ni hao wake tu, na wanaugua uvivu siku ile ile anapopanda mwanamume wa kukodi. Ila mzinga wa chuma ulikuwa wake peke yake. Aliupalilia, aliuwekea kivuli cha nyasi, na alirina mwenyewe bila kumwita mtu. Wazee walipomuuliza kuhusu mwiko, alijibu jibu moja tangu ujana wake: "Mwiko ni kupanda. Huu unapandwa?"

Mara ya kwanza aliponipeleka nilitetemeka mpaka kanga ikalegea. Vita vilipokwisha nguvu, wenye mzinga walifungua kifuniko chake cha nyuma wakaenda kukitupa mtoni, ili adui asiweze kuutumia, kwa hiyo nyuma ulikuwa wazi, na Shangazi aliziba hapo kwa kipande cha mbao na udongo. Nyuki waliingilia mdomoni, sisi tuliingilia nyuma. Aliwasha kifungu cha nyasi, akapuliza moshi, akabandua mbao, akaniambia nitie mkono. Nilitia mpaka begani. Ndani kulikuwa na joto na mtetemo, na masega yalijipanga kwenye koo la chuma lililotengenezewa risasi kubwa kuliko paja langu. Asali haikuwa nyingi. Lakini watu walitoka Kiegei na Ruangwa kuifuata, wakiiita asali ya chuma, wakiamini inatoa kikohozi sugu na kumpa nguvu mzazi. Shangazi hakuwahi kuwathibitishia wala kuwakatalia. Asali ile ndiyo iliyomfanya asimpigie mtu yeyote magoti, na nilianza kuelewa hivyo nikiwa nimejaa masizi, mkono mzima unanata.

Habari za mzinga nilizipata vipande vipande, tukichuja asali. Babu yake Shangazi alikamatwa na Wajerumani akiwa shambani kwake, akafungwa kamba begani pamoja na wenzake, wakauvuta mzinga kwenye milima na mito mpaka wengi wakaishia njiani. Kamba ilimchimba begani mtaro usiofutika, ndiyo maana watu walimwita Babu Kamba. Mabwana zake walipouacha pale na kukimbilia Msumbiji, waliwaambia wavutaji waende zao. Alikwenda kwake, akakuta njaa ya vita imemaliza nyumba nzima, mke na watoto. Akageuza. Akarudi na jembe moja, akajenga kibanda karibu na chuma kile kile kilichomtesa, akaoa tena, akazaa tena. Waliomwona mwendawazimu aliwajibu, "Nimeuvuta mpaka nikaacha kuwa mtu. Nikiuacha hapa, atakuja mwingine awafunge wajukuu zangu kamba." Ndipo akapaka nta kooni mwa mzinga, nyuki wakaja. Atakayetaka kuupiga tena, alisema, aanze kwanza na nyuki.

Hayo ni maneno ya Shangazi. Jirani yetu Petro, Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji, alikuwa mtani wetu sisi Wamwera na alikuwa na yake. "Uwongo ntupu! Babu yenu alichoka, akakaa chini, akashindwa kuinuka. Wamwera mkikaa mnakaa. Nyuki wakaona wawili wamelala, wakachagua yule asiyekoroma." Mkewe, Kandida, alimpiga kofi la mgongo, na Shangazi alicheka kabla hajamaliza.

Katikati ya mwaka lilikuja tangazo la watu wote wenye silaha kuzisalimisha kwa hiari. Siku ya mkutano magobore yalilazwa mbele ya ofisi ya kijiji kwenye turubai, na sijaona tena mkusanyiko kama ule. Kulikuwa na gobore lililofungwa ngozi ya kenge, na lingine lisilo na kitako, mwenyewe akisema lilikatwa na mama yake lisije likaua mtu harusini. Kila mwenye nalo alitaka kusimulia kabla ya kuliacha, na Mwenyekiti wa kijiji hakuweza kuwazuia. Mzee mmoja alisimama akaapa kwamba lake lilipigana Majimaji, babu yake alilibeba mwenyewe. Petro akainama, akalitazama, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Basi Majimaji mlikwenda na trekta," kwa kuwa mtutu wake ulikuwa bomba la usukani la trekta la mashamba ya karanga ya Mwingereza, namba za kiwandani bado zinasomeka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee hakutahayari. Alisema bomba ni jipya, lakini gobore ni lile lile, kama jembe linavyobadilishwa mpini. Nimelifikiria jibu lake kwa miaka mingi na sijapata la kumrudishia.

Kicheko kilipotulia Mwenyekiti akageuka. "Na wewe Bi Esha? Wenzako wameleta bunduki. Wewe una mzinga." Watu wakacheka tena, ila yeye hakucheka. Alisema ile ni silaha ya vita, kubwa kuliko zote zilizoko turubaini, na haina kibali. Aliye nayo anaweza kufungwa. Lakini kwa bahati njema, alisema, yupo mfanyabiashara wa chuma chakavu kutoka Ruangwa aliye tayari kuiondoa, na Bi Esha hatasumbuliwa na mtu. Mfanyabiashara huyo alikuwa amekaa kwenye benchi kivulini. Tulimwita Bwana Mizani, kwa sababu alitembea na mizani yake begani hata msikitini. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye salamu ndefu, na alikuwa amekwisha kata na kubeba matrekta yote mabovu ya karanga yaliyobaki maporini. Shangazi alisema maneno mawili tu. "Nimesikia, Mwenyekiti."

Nilidhani ameshindwa. Njiani nilimwambia kwa sauti yangu ile ya chumvi, "Shangazi, bora tuwape, tusije tukafungwa." Alisimama katikati ya njia. "Nani kasema ninakataa kusalimisha? Mtu akiambiwa ana kosa anakwenda kwa wakubwa, hakai nyumbani kungoja mizani. Kesho tunakwenda Nachingwea." Tukaenda, tumevaa kanga mpya, na kichupa cha asali kwenye mkoba endapo mtu atakuwa na kikohozi. Kituo cha polisi tulimkuta askari mwenye usingizi na daftari. Shangazi akajieleza kwa heshima zote. "Mwanangu, nimekuja kuhusu mzinga wangu. Nimeambiwa lazima nije kusema."

"Mzinga?"

"Ndiyo. Uko Ruponda, shambani kwangu. Nimerithi kwa babu."

"Una nyuki?"

"Wamejaa."

"Mama, hapa ni polisi. Mambo ya mizinga nenda ofisi ya nyuki, ile pale nyuma ya mwembe mkubwa."

Nilifungua mdomo kusahihisha. Shangazi alinikanyaga mguu bila kunitazama, akamshukuru askari, akatoka. Nje ndipo nikamwuliza, na alinijibu akiwa anarekebisha ushungi wake. "Nimesema uwongo gani? Nimesema mzinga. Nimesema wa babu. Kaniuliza nyuki, nimemwambia wapo. Kama kuna neno jingine la kitu kile, waniletee, nitalitumia." Ofisi ya nyuki ilikuwa chumba kimoja chenye meza iliyojaa vumbi, na Bwana Nyuki alikuwa kijana mwembamba aliyefurahi sana kumwona mwanamke anayetaka mzinga wake uandikishwe, maana kazi yake nusu nzima ilikuwa kuwabembeleza watu waandikishe. Aliahidi kuja kuutia alama ya serikali akipata mafuta ya pikipiki. Shangazi alimwachia asali ya kikohozi, ingawa hakuwa nacho.

Mafuta ya pikipiki yalichelewa, na habari zikafika kwa Bwana Mizani kabla hayajapatikana. Nilizisikia mimi. Nilikuwa nyuma ya mgahawa wa pale kijijini, nimepeleka asali, na ukuta ulikuwa wa mabua. Mwenyekiti na Bwana Mizani walikuwa wanakula kuku. "Yule Bwana Nyuki akishatia alama ya serikali, umekwisha," alisema Mwenyekiti. "Basi tuwahi," alijibu Bwana Mizani kwa upole wake. "Chuma kile ni kizito, lakini kikikatwa vipande vinne kinapandika lorini. Na ndani, ndugu yangu, Mjerumani haachi kitu bure. Kuna rupia mle, nyuki ni walinzi tu." Nilirudi nyumbani nakimbia. Shangazi hakungoja hata ugali uive. Alifunga kanga mbili kiunoni, akaniambia, "Nakwenda kumleta yule kijana, hata kama ni kwa miguu. Wewe kaa na mzinga." Sikuuliza nikae vipi. Na yeye hakufafanua, kwa kuwa hapakuwa na la kufafanua.

Lori lilifika jua likiwa kali, yeye bado hajarudi. Wakashuka Bwana Mizani, Mwenyekiti na vijana wawili wenye mtungi wa gesi, nyundo na mnyororo. Petro alikuwa shambani kwake mbali. Nilitandika mkeka juu ya kichuguu, nikakaa kitako juu ya chuma chenyewe, miguu nimeinyoosha kuelekea mdomoni, nyuki wananipita magotini wakienda na kurudi kazini kwao. Bwana Mizani alinisalimu kwa utaratibu, akaniuliza habari za nyumbani, habari za shamba, halafu akasema, "Binti, inuka, usije ukaungua." Nikasema siinuki. Hawakunisikia. Mwenyekiti akaweka mkono sikioni: "Unasemaje?" Ndipo nikaidai sauti yangu kwa yeyote aliyekuwa nayo. "Siinuki! Shangazi kasema nikae. Mkitaka kukata, kateni na mimi."

Kijana mmoja akacheka, akasema demu ana stimu huyu, akainua nyundo akagonga chuma ili kunitisha. Hakuna aliyemwambia kwamba chuma kilichojaa nyuki kikigongwa hulia ndani kama kengele. Nyuki walitoka. Sikujua kwamba kiumbe kidogo hivyo kinaweza kuwa na giza. Vijana walikimbilia lorini na kupandisha vioo, Bwana Mizani alitupa mizani yake, Mwenyekiti nilimwona mgongo tu, naye akielekea lorini. Mimi nilijifunika kanga gubigubi nikabaki pale pale. Siyo ushujaa. Nilijua nikikimbia watarudi kukata, na nyuki watakuwa wametoka bure. Nilichomwa usoni, mikononi, kwenye ukosi, mahali ambapo kanga haikufika na mahali ilipofika. Nililia kwa sauti kubwa, na hata katikati ya maumivu nilishangaa kwamba ile ni sauti yangu.

Waliponikuta, Shangazi alikuwa nyuma ya pikipiki ya Bwana Nyuki, vumbi tupu mpaka kope. Lori bado lilikuwa limesimama mbali na vioo vimefungwa. Jicho langu moja lilikuwa limeziba. Alinikung'uta miiba kwa ukucha, mmoja mmoja, kisha akauliza, "Umeukalia muda wote huu?"

"Nimeukalia, Shangazi."

"Haya." Akapuliza pumzi. "Babu aliuvuta. Mimi nimeuvuna. Wewe umeukalia." Akaenda kutafuta kitunguu cha kunipaka.

Bwana Nyuki alizunguka kichuguu akiwa amevaa wavu wake usoni, akasimama mbele ya mdomo, akatazama sana. Kisha akavua wavu. "Bi Esha. Huu ni mzinga gani?" Shangazi alimwuliza, "Una nyuki, hauna nyuki?" Kijana akatazama lori, akanitazama mimi na jicho langu, akatazama nyuki waliokuwa wameanza kurudi kwao. "Kazi yangu ni nyuki," akasema. "Chuma mimi sikusomea." Akatoa kopo la rangi nyeupe akaandika ubavuni mwa mzinga alama ya serikali, herufi kubwa za kusomeka toka njiani, na chini yake jina la Esha. Mwenyekiti alishuka lorini akazisoma kutoka mbali, midomo inacheza, kisha akarudi kukaa. Bwana Mizani alikuja kuokota mizani yake. Alituaga vizuri, kama kawaida yake.

Sauti niliyoipata siku ile sikumrudishia mtu. Nimeitumia kwa wazazi wasiolipia sare na kwa mume aliyedhani nyumba ni yake peke yake, na majirani zangu wa Ruangwa watakwambia kwamba pengine naitumia kupita kiasi. Basi nilipokuwa kwenye arobaini, na Bakari anapanga lori nje ya ukuta, sauti nilikuwa nayo. Nilichokosa ni haki ya kuitumia. Mzinga ni mzinga. Nimepewa mmoja, uko mlangoni, na ujanja wa Shangazi umegeuka kunirudia mwenyewe. Nilimfuata Bakari nikamwambia mzinga aliousema marehemu ni ule wa kichuguuni. Hakunikasirikia. "Dada, hayo ni maneno yako. Mizinga ipo mingi, hakusema upi. Mimi nilikuwepo kitandani, wewe ulikuwa Ruangwa." Hilo lilinichoma kuliko nyuki, maana ni kweli, nilichelewa, na Shangazi alikufa sipo.

Kandida ndiye aliyenifuata jikoni nilipokwenda kujificha. Petro alikwisha kutangulia miaka mingi, na yeye mwenyewe sasa anatembelea fimbo, lakini ndiye aliyemuuguza Shangazi mpaka mwisho, kumgeuza na kumlisha uji. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akanivuta niiname.

"Ntoto, wamekwambiaje?"

"Mpeni Somoe mzinga, auangalie."

"Hapana." Akatikisa kichwa. "Mie n'likuwapo, nimenshika nkono. Hakusema auangalie. Alisema aukalie. Alisema mara mbili. Bakari akasema ngonjwa anaweweseka, ntu gani anakalia nzinga wa nyuki? Ndo wakalinyoosha neno."

Nikakaa chini kwenye majivu na nguo yangu ya arobaini. Nililia, na wanawake waliokuwa wanaosha sufuria wakadhani msiba umenipanda upya, nao walikuwa hawajakosea sana. Shangazi alijua lugha yetu ina tundu mahali pale. Yeye mwenyewe aliwahi kupita humo. Kwa hiyo aliliziba, kwa neno ambalo mtu mmoja tu duniani alikuwa na alama zake mwilini.

Asubuhi lori lilipoingia shambani walinikuta nimetandika mkeka. Magoti yangu siku hizi hayapendi kukaa chini, na chuma kilikuwa cha baridi, ila nilikaa kitako pale pale, miguu kuelekea mdomoni, jina la Esha limefifia karibu na paja langu. Nyuki ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kutoka. Nyuma yangu alisimama Kandida na fimbo yake, na wanawake wachache wa jana. Dereva, kijana wa mjini, alizima injini akachungulia dirishani. "Oyaa, Bakari, huyu mama anafanya nini hapo? Mbona hukusema kuna mtu?" Bakari alikuja mbele na bomba la dawa mgongoni, uso wake una haya na haraka kwa pamoja.

"Dada Somoe, tafadhali. Inuka, watu wana safari ndefu."

"Nitainuka. Nijibu kwanza jambo moja mbele ya hawa," nikasema, na sikunong'ona. "Wewe ulikuwepo kitandani, mimi sikuwepo. Marehemu alisema nipewe nini?"

"Mzinga."

"Niufanye nini?"

Alimtazama Kandida. Alitazama mdomo wa chuma, nyuki wanapita magotini pangu bila kunijali, na nikaona lile neno linamrudia kama lilivyotamkwa, na kwa mara ya kwanza lina maana. Bakari si mtu mbaya. Hakusimuliwa tu habari za siku ile. Alishusha bomba la dawa mgongoni, akaliweka chini polepole.

"Alisema… Alisema aukalie."

"Basi nimekaa," nikamwambia.